Kilimia Kilikuwa Juu

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika Newala. Nilikuwa nimepanda asubuhi kutoka Masasi kufuatilia mnada wa korosho, kazi ikaisha mapema, na chumba cha gesti bila taa hakina cha kumfanyia mtu. Kijana wa bodaboda aliyenizungusha mchana kutwa akaniambia, "Kaka, kama huna usingizi twende Shimoni."

Kama hujawahi kufika, Shimo la Mungu ni mahali ambapo nyanda za juu za Makonde zinaishia ghafla. Umesimama kwenye ardhi tambarare, mikorosho iko nyuma yako, halafu hatua chache mbele ardhi haipo tena. Chini kuna bonde, mbali kuna Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mchana watu huja kupiga picha. Usiku tulikuwa wawili tu na upepo.

Tulizima taa ya pikipiki. Macho yalihitaji kama robo saa kuzoea giza, kisha nyota zikaanza kutokea kwa makundi, mpaka nikaona aibu kidogo. Nimekaa Dar es Salaam miaka 15. Huko nyota unazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Hapa hata kuhesabu usingejua uanzie wapi. Mbele yetu, kusini mashariki, juu kidogo ya ukingo wa dunia, ilikuwapo Suheli, ile nyota ambayo mabaharia wa pwani waliitegemea kujua kusini mpaka jina lake likawa neno lenyewe la kusini. Nyuma yetu, juu ya mikorosho, kulikuwa na kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana kama punje kwenye kiganja.

"Hizo zilizobanana hivyo zinaitwaje?" kijana akauliza.

"Kilimia."

"Cha kulimia nini?"

"Cha kulimia shamba. Kikionekana jioni namna hii, wazee walikuwa wanajua muda wa kuandaa shamba umefika."

Akacheka. "Sisi tunasubiri ujumbe wa hali ya hewa kwenye simu."

Jina hilo nililipata kwa bibi yangu mzaa mama. Yeye alizaliwa na amezeekea Kitangari, kwenye nyanda hizi hizi, barabara ya kwenda Newala. Bibi hakutufundisha nyota kama somo. Alikuwa anazitumia tu, kama mtu anavyotazama saa ukutani. Na alikuwa na sentensi moja ambayo sisi wajukuu tuliisikia mara nyingi kiasi kwamba tuliacha kuisikia. Alipokuwa anataja ndugu waliotangulia, akifika kwa mjomba wa mama yake, alisema: Mjomba alibebeshwa mzigo wa Mdachi, Kilimia kilikuwa juu, mvua bado. Akaenda nao.

Basi. Tukiuliza alikwenda wapi, jibu lilikuwa, "Na mzigo."

Kwa watu wetu mjomba si ndugu wa pembeni. Ukoo wetu huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu watoto wa dada yake. Mjomba akipotea, nyumba nzima inapoteza mkuu wake. Lakini habari zake zote zilikuwa hizo tu. Mwaka haukuwamo. Kilichokuwamo ni msimu.

Miaka michache iliyopita niliamua kumtafuta. Mimi ni mwandishi wa habari, kutafuta watu ndiyo kazi inayonilisha, nikajisemea, mtu mmoja na mzigo wake hawawezi kupotea kabisa. Nilianza na msimu. Kilimia kiko juu usiku kucha karibu na mwisho wa Novemba, na huku kusini hicho ndicho kipindi ambacho mvua bado zinasubiriwa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilifika Newala kwenye msimu huo mara mbili. Oktoba 1916 Wareno walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakauteka mji, na kabla mwaka haujaisha Wajerumani wakawatimua. Novemba 1917 ilikuwa zamu ya Wajerumani wenyewe kukimbia mbele ya Waingereza. Bibi alisema siku zote kwamba Mdachi alikuwa anakimbia. Kwa hiyo nilitafuta Novemba 1917.

Mjomba sikumpata. Nilichokipata ni meli ya angani.

Watu wengi wa Newala hawaijui habari hii, na sishangai, kwa sababu haikuwahi kufika. Ila ilikuwa inakuja huku, kwenye nyanda za juu za Makonde. Mwaka 1917 makao makuu ya Ujerumani yalijua kwamba jeshi lao la Afrika Mashariki, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, limezingirwa na linaishiwa na kila kitu. Bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo meli ya majini haiwezi kupita. Daktari mmoja aliyewahi kufanya kazi makoloni, Max Zupitza, akatoa wazo ambalo mwanzoni lilionekana kama la mgonjwa wa homa: tutume Zeppelin. Jambo likakubaliwa, likapewa jina la siri, "Suala la China", ili mtu akilisikia asifikirie Afrika.

Meli iliyochaguliwa kwanza, L 57, iliungua Ujerumani kabla ya safari. Ikaandaliwa nyingine, L 59, ikarefushwa mpaka ikafika mita 226. Huo ni urefu wa viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa kwa magoli. Ilijazwa gesi ya haidrojeni, ikapewa nahodha, Ludwig Bockholt, na watu 22 kwa jumla. Ikapelekwa Jamboli, Bulgaria, ambako ndiko washirika wa Ujerumani walikuwa karibu zaidi na Afrika.

Ilikuwa safari ya kwenda bila kurudi. Afrika Mashariki hapakuwa na haidrojeni ya kujaza upya. Kwa hiyo mpango ulikuwa kuichinja meli yenyewe ikishatua, kama ng'ombe, bila kutupa kitu. Kitambaa cha nje kingekuwa mahema na nguo. Mifuko ya gesi ingekuwa mifuko ya kulalia. Mifupa yake ya chuma chepesi ingekuwa machela na mnara wa simu ya upepo. Hata njia ya ndani waliyopita mabaharia ilifunikwa ngozi ili ije kushonwa viatu.

Na shehena yake tunaijua, kitu kwa kitu. Bunduki za rashasha 30. Risasi zaidi ya 300,000. Magunia 61 ya dawa na bandeji. Magunia matatu ya vifaa vya kushonea. Darubini, mapanga, vipuri vya bunduki, barua kutoka nyumbani. Yote pamoja kama tani 15.

Nilipofika kwenye magunia matatu ya vifaa vya kushonea nikafunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Sindano na nyuzi ambazo hazikufika Newala zimehesabiwa. Mjomba aliyekuwepo hajahesabiwa.

Lakini nilirudi kusoma, maana nilitaka kujua usiku ule hasa ulikuwaje.

L 59 iliondoka Jamboli tarehe 21 Novemba 1917, baada ya majaribio mawili yaliyoshindikana. Ikapita Uturuki, ikapigwa na mvua ya radi karibu na kisiwa cha Krete, na asubuhi ya tarehe 22 ikaingia Afrika kupitia pwani ya Misri. Mchana jangwa liliwatesa: hewa ya moto iliirusha meli juu na chini, mwanga wa mchanga uliwaumiza macho na vichwa, baadhi yao wakawa wanaona vitu ambavyo havipo. Injini ya mbele ikafa, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaendesha mtambo wa kutuma ujumbe. Tangu hapo waliweza kusikia lakini hawakuweza kujibu.

Halafu ukaja usiku. Meli ile ilikuwa ya jeshi la majini na maofisa wake walikuwa mabaharia. Baharia asiye na pwani ya kutazama hutazama juu. Mwezi ulikuwa umepita robo ya kwanza, ungezama karibu na usiku wa manane, na baada ya hapo ni nyota peke yake. Nyuma yao, kaskazini, ile nyota ambayo manahodha wa majahazi waliiita Jaa ilikuwa inashuka kadiri walivyokwenda kusini. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilijua tatizo hilo karne nyingi kabla. Ukitoka Uarabuni ukashuka kuelekea Kilwa na Sofala, Jaa inazidi kuinama mpaka inazama, na lazima upime kwa nyota nyingine. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 mzaliwa wa Julfar, alitunga shairi zima la kuongoza vyombo kwenye pwani yetu mpaka Sofala, na nyota ndizo alama zake za njia. Wajerumani wa L 59, bila kujua, walikuwa wanarudia somo la majahazi, tofauti ni kwamba wao walikuwa juu ya mchanga.

Juu ya vichwa vyao, karibu na utosi, kulikuwa na Kilimia. Siku zile za mwisho wa Novemba hutoka jua likizama na kuzama jua likitoka. Pale Sudan usiku wa manane kinakuwa karibu katikati ya mbingu. Huku Newala kinakuwa upande wa kaskazini, zaidi ya nusu ya njia kutoka ukingo wa dunia kwenda utosini. Ni kile kile. Yeyote aliyekuwa macho Kitangari usiku ule, akatazama kaskazini, alitazama upande ambao meli ilikuwa inatokea, na alitazama nyota ambazo mabaharia wale walikuwa chini yake.

Na watu walikuwa macho, maana nyanda zote zilikuwa zinahama. Katikati ya Oktoba Lettow-Vorbeck alikuwa amepigana Mahiwa, upande wa Lindi, vita vya siku nne vilivyoua watu wengi pande zote mbili. Waingereza walipoteza watu wengi zaidi, lakini wao waliweza kuleta wengine. Yeye hakuweza. Akarudi nyuma kupitia Chiwata, akapanda nyanda za juu, akapita Kitangari, akafika Newala, akashuka kuelekea Ruvuma. Njiani aliwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi, akapunguza jeshi makusudi, kwa sababu chakula na risasi havikutosha wote. Aliobaki nao walikuwa Wazungu wapatao 300, askari Waafrika kama 1,700, na wapagazi kwa maelfu. Tazama namna hesabu inavyolegea kadiri unavyoshuka ngazi.

Tarehe 23, usiku wa manane umepita kidogo, L 59 ikiwa karibu na Khartoum, ikasikia ujumbe kutoka Ujerumani. Ulisema waache kazi warudi. Adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde, na tayari yuko Kitangari.

Kitangari. Kijiji cha bibi yangu kilitajwa hewani, gizani, juu ya jangwa la Sudan, na watu 22 wakageuza meli.

Iko hadithi inayopendwa sana na waandishi wa vitabu vya ujasusi, kwamba ujumbe ule ulikuwa wa uongo, umetungwa na Waingereza wajanja kwa Kijerumani safi. Ni hadithi tamu. Lakini nyaraka za Kijerumani zinaonyesha ujumbe ulitoka Ujerumani kwenyewe, na kilichosemwa ndani yake kilikuwa kweli: mahali pa kutua hapakuwapo tena. Kutoka Khartoum mpaka Newala zilikuwa zimebaki kama kilomita 3,000, na mafuta yalikuwamo ya kutosha. Bockholt alitii. Asubuhi ya tarehe 25 Novemba meli ikatua tena Jamboli, baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Kwa safari za anga ilikuwa maajabu. Miezi mitano haikupita: Aprili 1918 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma. Ng'ambo, mahali panapoitwa Ngomano, aliwashambulia Wareno waliokuwa wamepiga kambi. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa, na Wajerumani wakajipatia bunduki, risasi, dawa na chakula. Yaani kile ambacho meli ya angani ilishindwa kuleta, alikikuta kando ya mto. Akapigana mwaka mzima zaidi, Msumbiji na kwingineko, mpaka tarehe 25 Novemba 1918, alipojisalimisha Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Ulaya walikuwa wameshamaliza vita wiki mbili nyuma.

Hivi ndivyo vitabu vinavyosimulia, na ukivisoma utaona kwa nini. Kuna meli ya ajabu, kuna jangwa, kuna ujumbe wa usiku, kuna kamanda asiyeshikika. Vita yetu imewapa waandishi wa nje visa vizuri. C. S. Forester aliandika The African Queen mwaka 1935, ikawa filamu, na dunia ikaijua vita ya Afrika Mashariki kama safari ya mashua ya wapenzi wawili wa Kizungu. Ilibidi tusubiri sana mpaka Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya mwaka 2020, amweke askari Mwafrika katikati ya ukurasa na kumpa moyo unaodunda. Nilipoisoma nilishukuru. Lakini askari angalau alikuwa na namba, mshahara, na bunduki. Bado nasubiri riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu amebeba sanduku kichwani kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kwa sababu vita ile ilitembea kwa vichwa. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, reli ziliishia mbali, magari yalizama kwenye matope. Kila risasi, kila kibaba cha unga, kila kitanda cha ofisa kilibebwa na mtu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi zaidi ya 95,000 wanakadiriwa kufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani hesabu ya namna hiyo haikutunzwa. Kilichobaki mjini ni majina ya mahali. Kariakoo, tunakonunua viatu na simu, ni kambi ya wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, iliyotamkwa kwa ulimi wetu. Na pale katikati ya Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, iliyowekwa mwaka 1927, yenye maandishi ya Rudyard Kipling yanayowakumbuka pia wapagazi. Anayesimama juu ameshika bunduki. Wabeba mizigo wako kwenye michoro ya ubavuni, chini, na jina la mtu hata mmoja halipo.

Asubuhi baada ya usiku wa Shimoni nilipanda gari kwenda Kitangari. Bibi sasa ni mzee sana, haoni vizuri, lakini masikio yake ni makali kuliko yangu. Alikuwa amekaa barazani anabangua korosho kwa kupapasa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na mvua?"

"Bado, bibi."

Nikamsimulia habari ya meli. Nilitumia karibu saa nzima, nikijitahidi kuipamba: ukubwa wake, jangwa, radi, injini iliyokufa, ile sauti ya usiku iliyotaja Kitangari. Nilidhani hapo angeshtuka. Aliendelea kubangua. Nikamtajia shehena, bunduki na risasi na dawa na sindano, tani 15. Hapo akasimamisha mikono.

"Na ikishashusha hapa Kitangari," akasema, "ingebebwa na nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kujiuliza. Nimesoma habari za meli ile miaka kadhaa, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani cha kubahatisha, na swali hilo sikulikuta popote. Kila mtu anauliza kama ingefika ingebadilisha vita. Hakuna anayeuliza nani angeibeba.

Nilipiga hesabu pale pale barazani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Tani 15 ni kilo 15,000. Gawanya. Ni vichwa 600. Meli ile ikitua, jeshi linalokimbia lingehitaji watu 600 zaidi wa kubeba kilichomo, bila kuhesabu kitambaa na mifupa ya meli yenyewe iliyokuwa ichinjwe. Na watu hao wangetoka wapi? Si Berlin. Wangetoka Chiwata, Kitangari, Newala na vijiji vyote kati yao. Kwa Bockholt kugeuka kulikuwa huzuni. Kwa wanaume 600 wa nyanda hizi, ambao hawakujua na hawatajua, labda ule ndio usiku waliookoka.

Mjomba hakuwa mmoja wao. Mzigo wake ulikuwa tayari uko ardhini.

Tena, ulikuwa mwezi gani? Hapa ndipo nilipoielewa sentensi ya bibi, ambayo nimeisikia tangu utotoni. Neno Kilimia limezaliwa na kulima. Si letu peke yetu: Waxhosa na Wazulu wanaziita nyota hizo isiLimela, Wasotho na Watswana wanaziita selemela, na ukisikiliza vizuri utasikia jembe lile lile limepita kote huko. Waxhosa walihesabu hata miaka ya mwanaume tangu kutoka jandoni kwa kurudi kwa nyota hizo. Kwa hiyo mtu akikuambia Kilimia kilikuwa juu na mvua bado, hakupambi mazungumzo. Anakwambia shamba lilikuwa linasubiri. Anakwambia mikono iliyochukuliwa ilichukuliwa wiki ambazo nyumba haiwezi kuikosa, maana usipoandaa kabla ya mvua, mwaka unaofuata utaula upepo. Majeshi yote mawili yalikuwa yanakula kutoka kwenye ghala za wanakijiji, na wakati huo huo yanawachukua watu wa kuzijaza tena.

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya maneno yale. Tarehe, sababu na hasara, vyote kwenye sentensi moja. Mimi nilikuwa natafuta nyaraka, na nyaraka ilikuwa imekaa barazani inabangua korosho.

Sitaki kuwaponda watu wa L 59. Walikuwa vijana, walipita mahali ambapo hakuna aliyewahi kupita kwa namna ile, na wengi wao walikuwa wameshakufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Tena nikikaa Shimoni usiku, naweza kabisa kuwawazia wametoa vichwa madirishani wakitafuta nyota moja ya kuwaambia wako wapi. Ninachosema ni kwamba mbingu ya usiku ule tumeiacha mikononi mwao peke yao. Ukitafuta "Makonde" na "1917" kwenye intaneti, utaipata meli ambayo haikufika kabla ya kumpata mtu yeyote aliyekuwepo. Tumewaachia wengine kazi ya kuandika, sisi tukabaki na kazi ya kukumbuka, na wanaokumbuka wanaondoka.

Kabla sijaaga nilimuuliza bibi kitu ambacho kwa miaka yote hakuna mjukuu aliyekiuliza. Tulishauliza mjomba alikwenda wapi. Hatukuwahi kuuliza aliitwa nani.

Akanitajia, bila kufikiri hata kidogo, jina lake na la dada yake na la mama yao. Akaongeza kwamba alikuwa mrefu, na kwamba alikuwa ameacha jembe jipya halijatiwa mpini.

Hapa sitaliandika, ni jina la familia na bado lina wenyewe. Ila nyumbani kwa bibi kuna daftari la shule ambamo binamu zangu huandika michango ya misiba na harusi. Nilifungua ukurasa wa mwisho, nikaliandika kwa herufi kubwa ili yeyote ajaye aweze kulisoma, na chini yake nikaweka: Kitangari, Novemba 1917, Kilimia kilikuwa juu. Bibi akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea.

"Ongeza mvua bado," akasema.

Nikaongeza.